Bulbaa Haimzuii Ngamia: Fahamu Sheria na Usalama wa Vyuma vya Mbele ya Gari

Magari mengi yanayovuka daraja la Mto Tana kuelekea Dadaab, Modogashe au Masalani yamefungwa vyuma vizito mbele, maarufu kama bulbaa. Wengi wanaovifunga hutoa sababu moja: barabara zetu zina ngamia, punda, ng'ombe na twiga, na safari nyingi huendelea hadi usiku. Hofu hiyo ina msingi. Hata hivyo, kinga inayotarajiwa kutoka kwa chuma hicho mara nyingi haipo, na wakati mwingine chenyewe ndicho huongeza hatari.

Gari likimgonga ngamia

Ngamia mzima huwa na uzito wa takriban kilo 400 hadi 600, na sehemu kubwa ya uzito huo iko juu ya miguu mirefu. Gari likimgonga, bulbaa hukutana na miguu. Miguu ikikatika, mwili huanguka juu ya boneti, kioo cha mbele na paa, pale walipo dereva na abiria. Nchini Saudi Arabia, ambako ajali za aina hii ni nyingi, madaktari wameandika kwa miaka mingi kuhusu majeraha ya shingo na uti wa mgongo wanayopata waliomo garini.

Bulbaa inaweza kuokoa taa na rejeta unapomgonga mbuzi au unapopita vichakani kwa mwendo mdogo. Kwa ngamia au twiga, haizuii mwili usiingie kwenye kioo.

Hatari kwa watu

Sehemu ya mbele ya gari la kisasa hutengenezwa ibonyee ili imeze nguvu ya mgongano. Chuma kigumu kilichofungwa moja kwa moja kwenye chesisi hakibonyei, hivyo nguvu hiyo hupelekwa kwa waliomo ndani. Magari yenye mifuko ya hewa huwa na vihisio vinavyopima mgongano. Bulbaa isiyotengenezwa kwa gari hilo inaweza kuvichanganya, mfuko ukachelewa kufunguka au ukafunguka bila sababu.

Anayeumia zaidi ni mtembea kwa miguu. Bomba la chuma linalofika kiunoni mwa mtu mzima huwa usawa wa kifua au kichwa cha mtoto wa shule. Ndiyo maana mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulitoa agizo kwamba vikinga vya mbele vya magari vipimwe kwanza iwapo ni salama kwa watembea kwa miguu. Desemba 2017, Serikali ya India iliyataka majimbo yake kuchukua hatua dhidi ya magari yaliyofungwa bulbaa.

Sheria yetu inasema nini

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka gari na sehemu zake zote, zikiwemo taa na magurudumu, ziwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wengine wa barabara wala abiria. Anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 400,000, kufungwa jela kwa muda usiozidi miaka 2, au vyote viwili. Hivyo, bulbaa yenye ncha kali, iliyolegea au inayoziba taa inaweza kukufikisha mahakamani hata kama fundi alikuhakikishia kwamba haina shida.

Kabla ya kufunga, au kama tayari umefunga, kagua haya:

- Nambari ya usajili ya mbele isomeke yote bila kuzibwa na bomba.
- Taa kubwa na indiketa zionekane kikamilifu.
- Pasiwe na ncha kali, na mabomba yasitokeze nje ya upana wa gari.
- Bulbaa iwe ya aina na mwaka wa gari lako, na iambatane na mfumo wa mifuko ya hewa.
- Viungo vilivyochomelewa visiwe na nyufa wala kutu, na bolti ziwe zimekazwa.
- Kampuni yako ya bima ijulishwe kwa maandishi.

Ukiwa na shaka, uliza Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama (NTSA) kabla ya kulipia kazi. Wenye matatu na magari ya biashara wakumbuke kwamba magari yao hukaguliwa kila mwaka.

Kinga ya kweli ni mwendo

Katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gari huhitaji takriban mita 80 kusimama kwenye lami kavu, kuanzia dereva anapoona hatari. Taa za dimu humulika karibu nusu tu ya umbali huo. Maana yake ni kwamba utakapomwona ngamia, huna tena nafasi ya kusimama. Kwa kilomita 50, mita 30 hivi zinatosha. Kwenye changarawe au mchanga, umbali huo huongezeka.

Usiku punguza mwendo, na ukiona mnyama mmoja tarajia wengine nyuma yake. Mijini na kwenye vituo vya biashara, kikomo ni kilomita 50 kwa saa.

Wafugaji nao wana wajibu. Mifugo isiachwe ilale barabarani wala kuvushwa gizani bila mchungaji mwenye tochi. Kamba yenye kitambaa kinachoakisi mwanga shingoni mwa ngamia kiongozi humsaidia dereva kumwona mapema.

Ajali ikitokea, piga simu 999 au 112. Washa taa za tahadhari na uwaondoe watu barabarani kabla ya kushughulikia gari au mnyama.