Mota Inazima, Saketi Inaungua: Dayodi ya Bob Chache Itakuokolea Doh

Wasee wa Kitengela, mnajua maji ya boza si ya kumwaga. Ndio maana wengi wanajiundia kasaketi: tangi ya juu ikijaa, transista inazima pampu ya 12V ya sola. Huko Kajiado ndani, wengine wanafanya hivyo kwa maji ya mifugo.

Wiki ya kwanza iko fiti. Halafu transista inaungua. Mara nyingi ikiungua inashikana, so pampu haizimi tena na maji ya kununua yanamwagika usiku mzima.

Noma haiko pale mota inawaka. Iko pale inazima.

Ndani ya mota kuna koili. Stima ikiwa kwa koili ni kama abiria ndani ya mat ya Namanga Road: dere akikanyaga breki ghafla, gari inasimama lakini nyinyi mnaendelea mbele. Transista ikikata stima, koili inaisukuma iendelee. Ikikosa njia, volti zinaruka, na zinaweza fika mamia, hata kama betri ni ya 12V. Transista kama IRFZ44N mwisho wake ni 55V. Ikigongwa hivyo kila siku, itaenda tu.

Dawa ni dayodi. Hii inapitisha stima upande mmoja pekee. Ifunge sambamba na mota, upande wenye kalaini ukienda kwa chanya. Pampu ikipiga kazi, dayodi imelala. Ukizima, inaipa stima njia ya kuzunguka hadi iishe, na transista inaona kama 13V hivi. Hakuna kuungua.

Ukiigeuza, umeshikanisha chanya na hasi. Hapo ni moshi.

Ukienda Luthuli Avenue, jua amp za mota yako kwanza. 1N4007 ni ya 1A, inatosha relei na mota ndogo. Pampu ya 2A itaka 1N5822 ya 3A. Hiyo pia iko na speed, so ni poa kama unapunguza mwendo wa mota kwa kuwasha na kuzima haraka haraka.

Na mota ya geti, ile inaenda mbele na kurudi? Dayodi moja haiwezi, zinahitajika nne. Chipu ya L293D iko nazo ndani, lakini L298N haina. Moduli zake nyingi huja zimefungiwa dayodi, so chungulia kwanza.

Kabla uwashe, angalia tena kalaini kako wapi.