"Kujipanga" au "Kupangika"? Polima ndani ya Fuwele Majimaji

Mwanafunzi anayefasiri matini ya kemia hukutana na molekuli zinazotengeneza umbo pasipo mkono wa mtu. Je, aseme zimejipanga au zimepangika? Kamusi haimsaidii. Sharti kwanza aelewe kinachotokea.

Polima ni molekuli ndefu, mfano wa mnyororo wenye pingili nyingi. Kopolima ya vitalu ni mnyororo ulioungwa kwa vipande vya aina tofauti, ambavyo aghalabu havipatani, kama mafuta na maji, wala haviwezi kuachana. Ni ndoa isiyo na talaka! Basi kila kipande huwaelekea wenzake wa karibu, na hapo hutokea matufe, silinda au matabaka yenye upana wa makumi ya nanomita.

Fuwele majimaji nayo hutiririka kama kioevu, lakini molekuli zake huelekea upande mmoja kama kundi la samaki. Friedrich Reinitzer aliiona mwaka 1888 huko Prague, katika dutu iliyotokana na kolesteroli. Iliyeyuka mara mbili: kwenye nyuzi 145.5 za Selisiasi ikawa na ukungu, na kwenye nyuzi 178.5 ikawa angavu.

Mwaka 2004 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya California, Marekani, walieleza jinsi walivyoviunganisha viwili hivi. Mnyororo wao ulikuwa na polistirini kwenye ncha zote mbili, na katikati kipande chenye tabia ya fuwele majimaji. Kiyeyushi kilikuwa 5CB, ambayo ni fuwele majimaji chini ya karibu nyuzi 35. Juu ya hapo vyote huyeyuka pamoja. Kikipoa, molekuli za kiyeyushi huelekea upande mmoja, na polistirini, yenye kupenda kujikunja ovyo, hukosa nafasi. Ncha zake hukusanyika vishada vishada, vipande vya katikati huvishikanisha, na kioevu hugeuka jeli.

Turudi kwenye sarufi. Kauli ya kutendeka humficha mtenda, na mara nyingi hudokeza uwezekano tu: kitabu hiki kinasomeka. Hapa msukumo unatoka kwa molekuli zenyewe, kwa hiyo mimi nachagua kujipanga. Wapo wanaohofu kwamba -ji- inazipa molekuli nia. Mbona twasema uzi umejisokota? Lakini mtafiti akiipasha moto jeli ile mpaka iwe kioevu tena, tuandike imeyeyushwa, kwani mtenda yupo.