Apu Yako Ikidedi, Unahamia Wapi?

Google walizima Play Music mwisho wa 2020, alafu wakawapea wasee hadi Februari 24, 2021 kutoa ngoma zenye walikuwa wameweka huko. Mtaani wengi hata hawakuwa wanalipia kitu. Hiyo apu ilikuja na simu, wakaizoea kudunda nayo mangoma za memori kadi. Siku moja unafungua, unaambiwa huduma imeisha. Faili ziko kwa simu yako, na bado unafungiwa mlango. Manze, hiyo ni madharau.

Cheki sasa Winamp, ile programu ya kudunda ngoma kwa kompyuta. AOL walitangaza wataizima Desemba 20, 2013, alafu Januari 2014 ikanunuliwa na Radionomy wa Ubelgiji. Hapo kati, wenye walikuwa nayo kwa kompyuta walidunda tu ka kawa, juu programu ilikuwa imeketi kwa mashine yao, haiombi mtu ruhusa. So ukitafuta apu mpya, zima data kwanza, alafu chapa ngoma. Ikianza kukusumbua na mambo ya akaunti, isare.

Ngori yenyewe iko kwa faili zetu. Ngoma umepewa na beshte, zingine zimetoka kwa saiba, zingine kwa flash ya makanga. Unapata jina la wimbo limeandikwa webusaiti ya msee fulani, na mahali pa msanii hakuna kitu. Apu kibao zinapanga ngoma kwa kusoma hayo maandishi ya ndani, so gengetone yako, benga ya mathe na mix za reggae zote zinarundikwa pamoja hapo kwa wasiojulikana. Utaskroli hadi mat ifike steji ya Ambassadeur. Unataka kitu inafungua folda vile wewe mwenyewe ulizipanga.

Hapo apu ya simu inaitwa Musicolet imewaweza. Haitumii intaneti hata kidogo, folda iko wazi, na unaweza kuwa na foleni kadhaa kwa wakati mmoja. Sema uko kwa mix ya saa mzima, dakika ya 40, alafu mathe anadai za kanisa. Unaruka foleni ingine, anaskia zake, ukirudi unaendelea na mix yako. Hakuna kutafuta penye ulikuwa.

Ka wewe ni wa bezi, Poweramp iko na ikwalaiza ya nguvu, lakini baada ya siku 15 za majaribio unatoa chapaa. VLC ni ya bure na inameza karibu kila aina ya faili. Mimi naiachia muvi. Kwa kompyuta kuna foobar2000, iko tangu 2002. Sura yake ni kavu ka fomu ya KRA, lakini ni nyepesi na haichoshi mashine kuukuu.

Spotify na Boomplay? Poa ka bando iko. Jua tu hapo umekodi, na mwenye nyumba anaweza toa ngoma akitaka.

Kabla uhame, kopi folda yote kwa flash, alafu toa pleilisti zako kwa faili ya M3U. Usiguse majina ya folda baadaye, juu hiyo M3U ni orodha tu ya penye ngoma zimekaa. Ukibadilisha, inapotea njia. Kura yangu ni Musicolet kwa simu, foobar2000 kwa kompyuta.