Kamba iko chini ya maembe

Mtu afikaye katika soko la Kongowea kabla ya adhana ya alfajiri huyakuta magari yamekwisha kujipanga. Malori makubwa yameleta viazi na kabeji kutoka bara. Kati yao, mfano wa watoto walioingia katika baraza ya wazee, zimesimama pikapu zilizochafuka tope hadi juu ya vioo. Hizo ndizo zilizotoka mashambani kwenyewe: Magarini, Ganze, Kinango, Lunga Lunga. Lori halithubutu kufika huko mvua zinaponyesha. Pikapu ndiyo iendayo hadi chini ya mwembe.

Kwa muda mrefu nimekuwa nikizitazama pikapu hizi kwa kinyongo, na sababu yake nitaieleza.

Novemba moja, wakati wa vuli, nilisaidiwa safari na mfanyabiashara wa ngowe aliyekuwa akirudi sokoni. Gari lake lilikuwa zuri, lenye kusukumwa na magurudumu yote manne, na dereva alijisifu kwamba hakukosa kitu: kamba ya kuvutia, mnyororo, jeki, sepetu na mbao mbili. Alisema kweli tupu. Yapata saa mbili za usiku tukaingia katika bonde lililolowa, magurudumu ya nyuma yakazama hadi kwenye ekseli. Dereva akaagiza kamba iletwe. Utingo akamtazama dereva, kisha akayatazama maembe. Kamba ilikuwa chini ya maembe.

Tuliyashusha makreti kwa mwanga wa kurunzi, mvua ikitupiga migongoni, kwa muda wa saa mbili. Kamba ilipopatikana ilikuwa imelowa dizeli iliyovuja, na ukingo wa jeki ulikuwa umeisugua safari nzima hata nyuzi zake zikaanza kukatika. Nani angeyaona hayo gizani? Trekta lililopita likakubali kutuvuta. Kamba ikakatika, ndoano ikaruka na kumpiga utingo juu ya goti. Kijana yule yu hai, lakini huchechemea. Maembe nayo yalifika Kongowea siku ya pili adhuhuri, wanunuzi wakubwa wamekwisha ondoka, na dalali akayapa bei ambayo ni aibu kuitaja.

Tangu hapo nimeamini kwamba wengi wetu tumejifunza kununua vifaa vya kujikwamua, ila hatujajifunza kuvipakia. Chombo kisichoweza kufikiwa gari likiwa limejaa ni sehemu ya mzigo tu, na kibaya zaidi, ni mzigo usiouzika.

Na hatari haiko kwenye tope peke yake. Chukua jeki ndefu ya kilo 15 iliyotupwa tu nyuma ya gari. Gari likienda kilomita 60 kwa saa kisha likagonga na kusimama ghafula, jeki ile itaendelea na safari kwa nguvu sawa na ya kitu kilichoanguka kutoka kileleni mwa mnazi wa mita 14. Sote tunajua nazi moja humfanyia nini mtu aliyeketi chini ya mnazi. Sasa fikiri juu ya vijana wanaoketi juu ya shehena, au wenye gari waliotenganishwa na jeki hiyo kwa kioo cha nyuma pekee.

Wapo wanaopanga kila kitu juu ya paa, mnyororo na jeki pamoja, kwa kuwa huonekana vizuri na kulipa gari sura ya kishujaa. Mimi sipendezwi. Uzito uliowekwa juu huinua kitovu cha uzito wa gari, na katika njia zenye mahandaki gari huwa jepesi kupinduka. Vilivyo vizito na vikae chini, karibu na kabini. Sanduku la chuma lililokingama nyuma ya kabini, likafungwa kwa bolti na mlango wake ukafungukia ubavuni, hutosha kubeba mnyororo, jeki na pingu za chuma. Kamba iwe na mfuko wake, mbali na vyuma na mafuta, na ikilowa ianikwe kabla ya kurudishwa. Sepetu na mbao zifungwe ubavuni mwa bodi, nje, kwa mipira ya tyubu kuukuu ambayo haikosekani kwa waziba pancha. Mbao hizo zina kazi mbili: huwekwa chini ya gurudumu linalozunguka bure, na huwa kitako cha jeki ili isizame kwenye udongo laini.

Wafanyabiashara hunijibu kwamba sanduku hula nafasi ya makreti mawili. Ni kweli. Usiku ule sisi tulipoteza bei ya makreti yote.

Wengine husema dawa ni barabara, wala si sanduku. Nami naungana nao kuzidai. Lakini mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliharibu hata barabara kuu ya Mombasa kwenda Nairobi, na mafuriko ya Novemba 2023 yalikata njia katika Tana River. Tena tusisahau kwamba nchi hii ina historia yake ya tope. Katika mbio za magari za Safari Rally, mwaka 1963 na tena mwaka 1968, ni magari 7 tu yaliyomaliza kila mara, na mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki katika Peugeot 404, gari lisilokuwa hata na msukumo wa magurudumu manne.

Hoja iliyonitatiza ni ya wizi. Majuzi, hapo Kongowea, niliona pikapu yenye sepetu na mbao ubavuni, zimepangwa barabara, nikamsogelea dereva kumpongeza. Akacheka. Sepetu mbili za kwanza, alisema, ziliibiwa papo hapo sokoni, akiwa anakunywa chai. Ya tatu ameipitishia mnyororo mwembamba kwenye mpini na kuutia kufuli.

Nikamuuliza kama ufunguo huwa nao yeye. La, akajibu, gari likikwama yeye hubaki kwenye usukani, na tajiri mara nyingi hayupo safarini. Ufunguo huvaliwa shingoni na utingo.