Bunduki pekee haimfukuzi simba

LIKIZO za shule zinapokaribia, familia nyingi za mjini hufunga virago na kuelekea mashambani kuwaona babu na nyanya. Ikiwa kwenu ni Ukambani, huenda safari yako hupitia soko la Kabati, katika Kitui Magharibi. Ukisimama hapo Kabati ukaelekea kusini, barabara ya lami itakufikisha mjini Kitui, kisha Mutomo na Ikutha, na hatimaye utavuka Mto Athi uingie Kibwezi katika Makueni.

Kadiri unavyokwenda kusini, ndivyo mazungumzo ya jioni yanavyobadilika. Kabati wenyeji hulalamikia fisi na nyoka. Lakini ukifika Ikutha, Mutha au Kibwezi, utasikia habari za ndovu waliovuka kutoka Tsavo usiku na kumaliza shamba la mahindi, au simba aliyevunja boma na kuua mbuzi. Hapo ndipo kijana wa mjini, aliyezoea kumwona simba kwenye televisheni tu, huuliza swali ambalo pengine nawe umewahi kujiuliza: Je, si afadhali baba anunue bunduki? Na kama atanunua, ni bunduki ya aina gani?

Swali hili si la Wakenya peke yao. Huko Alaska na Kanada, ambako adui wa msafiri porini ni dubu, watu hubishana mwaka nenda mwaka rudi kuhusu silaha ifaayo. Mmoja husifu bunduki ya marisau iliyotiwa risasi moja nzito. Mwingine hupendelea bastola kubwa ya Magnum 44, kwa kuwa hukaa kiunoni. Wa tatu hataki kusikia jingine ila bunduki ndefu yenye mtutu mpana.

Hebu basi tulitazame jambo hili kwa makini, maana linahusu uhai wa watu.

Silaha za wawindaji

Katika Afrika Mashariki, wawindaji wa zamani walikuwa na jibu lao. Kwa ndovu, nyati na simba, wengi walitegemea bunduki ya kipimo cha 375 iliyotolewa Uingereza mwaka wa 1912, au ile nzito zaidi ya 470 yenye mitutu miwili. Sababu ni rahisi kueleza. Nyati mwenye hasira ana mifupa minene na ngozi ngumu, na risasi ndogo huweza kumjeruhi tu na kumwongezea ukali.

Hata hivyo, ukubwa wa risasi si kila kitu. Mwindaji mmoja kutoka Scotland, W.D.M. Bell, aliyepewa jina la Karamojo kwa sababu ya kuwinda Karamoja nchini Uganda, aliua zaidi ya ndovu 1,000, na wengi wao aliwapiga kwa bunduki ndogo ya kipimo cha 275. Siri yake ilikuwa shabaha. Alijua ubongo wa ndovu uko wapi ndani ya kichwa kile kikubwa, naye alipiga hapo. Mtu asiye na ujuzi huo, hata ukimpa mzinga, ni kazi bure.

Mababu wa Wakamba nao hawakungoja bunduki. Walisifika kwa uta na mishale iliyopakwa sumu ya mti ambao huitwa kivai, sumu inayosimamisha moyo wa mnyama. Lakini sumu hiyo haimwangushi mnyama papo hapo. Ilikuwa silaha ya mwindaji anayenyemelea, wala si ya mtu aliyeshtukiwa njiani.

Funzo la Tsavo na Kima

Huenda umesikia kuhusu simba wawili wa Tsavo waliowala wajenzi wa reli mwaka wa 1898. Luteni Kanali J.H. Patterson aliwaua mwezi wa Desemba mwaka huo, na ngozi zao sasa ziko katika jumba la makumbusho la Field mjini Chicago. Watu husimulia ushindi wake, lakini husahau mara ambazo bunduki ilishindwa.

Siku moja Patterson alikuwa na bunduki ya kuazima. Simba alipotokea karibu naye, alifyatua, na risasi ikakataa kulipuka. Mara nyingine aliweka mtego wa chumba cha vyuma, na ndani yake, nyuma ya fito za kuwalinda, wakakaa askari wenye bunduki. Simba aliingia na mlango ukajifunga. Askari wale walikuwa hatua chache tu kutoka kwake, lakini hofu iliwazidi. Walipiga ovyo, hata risasi moja ikavunja fito ya mlango, na simba akatoroka.

Kisa kingine kilitokea Kima, ambayo leo iko Makueni. Mnamo Juni 1900, afisa wa polisi aitwaye Charles Ryall pamoja na wenzake wawili walilala ndani ya behewa la gari moshi ili wamvizie simba aliyekuwa akiwasumbua watu wa kituo hicho. Ryall alichukua zamu ya kwanza akiwa na bunduki yake. Usingizi ukamchukua. Simba akaingia behewani, akamkamata Ryall na kutoka naye kupitia dirishani. Ukizuru Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, utaliona behewa lenyewe. Wapeleke watoto wakalione, kwani linafundisha jambo ambalo mwalimu angehitaji saa nzima kulieleza: bunduki iliyo mikononi mwa mtu aliyelala ni fimbo tu.

Sekunde tatu za maisha yako

Tuchukue kalamu tupige hesabu kidogo. Nyati anaweza kukimbia kilomita 50 hivi kwa saa, yaani karibu mita 14 kwa sekunde. Akitoka kichakani umbali wa mita 50, una sekunde tatu na nusu. Simba ana kasi zaidi, na mara nyingi utamwona akiwa karibu zaidi ya hapo. Katika muda huo unatakiwa utoe bunduki begani, uondoe kizuizi cha usalama, ulenge shabaha na ufyatue, huku magoti yakigongana. Je, wewe unayefanya kazi ofisini wiki nzima utaweza?

Wataalamu wa Marekani wamelichunguza suala hili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2012, walipitia visa 269 vya watu waliokutana na dubu huko Alaska wakiwa na bunduki. Waligundua kwamba waliotumia bunduki zao walijeruhiwa kwa kiwango kile kile sawa na wale ambao hawakuzitumia. Utafiti mwingine wa mwaka wa 2008 ulihusu dawa ya pilipili ya kupuliza. Kati ya watu 175 waliohusika katika visa hivyo, asilimia 98 hawakupata jeraha lolote. Si kwamba dawa hiyo imejaribiwa kwa ndovu wetu. Linalotuhusu sisi ni hili: kumfukuza mnyama mara nyingi huokoa watu kuliko kujaribu kumuua.

Sheria inasemaje?

Hapa Kenya, bunduki si jembe la kununuliwa dukani. Chini ya Sheria ya Silaha, hakuna raia anayeruhusiwa kumiliki bunduki bila cheti kutoka kwa Bodi ya Kutoa Leseni za Bunduki. Mwombaji hupelelezwa, na ni lazima aonyeshe sababu ya kutosha. Bunduki za kujitengenezea nazo ni haramu.

Isitoshe, uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka wa 1977. Pembe, ngozi na meno ya mnyama aliyekufa ni mali ya serikali, na ukipatikana nayo bila kibali utajibu mashtaka. Kuingia na silaha katika mbuga ya taifa bila idhini pia ni kosa. Kazi ya kumkabili mnyama hatari ni ya askari wa shirika la KWS, ambao wana mafunzo na silaha za kazi hiyo.

Tena kumbuka, mzazi mwenzangu, bunduki inayowekwa nyumbani kwa ajili ya simba ambaye huenda asije, iko pale kila siku kwa mtoto mtundu ambaye hakosi kuja.

Basi tufanye nini?

Tahadhari kabla ya hatari, walisema wahenga. Wakazi wa mipakani mwa Tsavo wanajua mengi ya kutufaa sisi wageni.

Kwanza, epuka kutembea usiku na alfajiri. Huo ndio wakati wa simba na fisi, na ndio wakati ndovu huenda kunywa maji. Ikiwa ni lazima utoke, nendeni wengi, mkiwa na tochi yenye mwanga mkali, na mzungumze kwa sauti. Mnyama asiyeshtuliwa kwa kawaida atakupisha.

Pili, mjue mnyama wako. Ukikutana na simba, usikimbie hata kidogo. Simama wima, mtazame, paza sauti, kisha rudi nyuma polepole. Nyati akikujia, panda mti ulio karibu. Ukimwona ndovu, ondoka mapema kabla hajakunusa, na uende upande ambako upepo hautampelekea harufu yako. Kando ya Athi, usisimame kamwe kati ya kiboko na maji. Na usiandamane na mbwa asiyefungwa, kwani akifukuzwa na ndovu atakimbilia kwako.

Tatu, imarisha boma. Richard Turere, kijana wa Kitengela, alikuwa mtoto tu alipobuni taa za kumetameta kuzunguka boma la ng'ombe wa babake ili simba wadhani kuna mtu anayetembea na tochi. Mwaka wa 2013, akiwa na umri wa miaka 13, alialikwa Marekani kuueleza uvumbuzi huo. Wanafunzi mnaosoma makala haya, huyo ni mwenzenu.

Nne, tumieni nyuki. Hapa Mkamba hahitaji kufundishwa, kwani asali ya Kitui inajulikana kote nchini. Mtafiti Lucy King aligundua kwamba ndovu huogopa nyuki, akabuni ua wa mizinga iliyounganishwa kwa waya: ndovu akigusa waya, mizinga hutikisika na nyuki hutoka. Huko Sagalla, karibu na Tsavo Mashariki, matokeo ya miaka tisa yaliyochapishwa mwaka wa 2024 yalionyesha kwamba katika misimu mazao yalipostawi, ua huo ulizuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia mashamba. Mkulima huvuna mahindi na asali pia. Wengine huchoma pilipili pamoja na kinyesi cha ndovu ili moshi wake uwafukuze.

Mwisho, toeni ripoti. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliweka fidia ya Sh5 milioni kwa familia ya aliyeuawa na mnyama, na Sh3 milioni kwa aliyepata ulemavu wa kudumu. Ni kweli kwamba wengi hulalamika kuwa fedha huchelewa, na malalamiko yao yana msingi. Lakini bila ripoti ya KWS na polisi, pamoja na karatasi za hospitali, hakuna hata pa kuanzia. Zihifadhini vyema.

Ukweli wa mambo ni kwamba mkulima wa Ikutha aliyepoteza shamba lake kwa usiku mmoja ana haki ya kukasirika, na hakuna anayepaswa kumcheka anapotamani bunduki. Anachostahili ni askari wa KWS wanaofika upesi, ua imara na fidia inayolipwa kwa wakati. Hayo tuyadai kwa sauti, sisi tulio mjini na wao walio kule.

Kwa hivyo likizo ijayo, mtakaposhuka kwenye matatu na mizigo yenu, begani mbebe tochi nzuri na filimbi. Na mkifika, kabla ya kwenda mtoni, waulizeni wenyeji ndovu walipita wapi jana.