Minara ya Kale na Zilzala

 

Usiku wa tarehe 8 Septemba 2023, baada ya saa tano, nchi ya Moroko ilipigwa na zilzala yenye kipimo cha 6.8. Chanzo chake kilikuwa chini ya milima ya Atlas, kiasi cha kilomita 70 kusini magharibi ya mji wa Marrakech. Watu wapatao elfu tatu walifariki, wengi wao katika vijiji vya milimani. Mjini Marrakech, mnara mdogo wa msikiti wa Kharboush, ulio katika uwanja wa Jemaa el-Fnaa, uliporomoka. Mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka hapo unasimama mnara wa Kutubiyya, wenye urefu wa mita 77, uliojengwa katika karne ya 12 zama za dola ya Muwahhidun. Huo watu waliuona ukitikisika na kutoa vumbi, na asubuhi wakaukuta umesimama pale pale.

Mtu akisikia habari hii husema upesi kwamba hiyo ni kudra ya Mwenyezi Mungu. Naam, ni kudra, kwa mnara uliosimama na kwa ulioanguka pia. Lakini Mwenyezi Mungu ameweka sababu, na sababu hizo zinasomeka kwa anayetaka kusoma. Waashi wa Kutubiyya walifanya kazi kwa hesabu, wala hawakukaa wakingoja karama.

Tuanze na jiwe lenyewe. Jiwe hustahimili sana kukandamizwa, bali kuvutwa halistahimili. Maadamu uzito unashuka wima, ukuta wa mawe unaweza kukaa miaka elfu. Zilzala husukuma kwa ubavu. Mnara ukisukumwa huinama kidogo upande mmoja, kisha upande wa pili. Kila unapoinama, upande ulioinamiwa hukandamizwa zaidi na upande wa nyuma hutaka kufunguka. Hapo ndipo uzito wa mnara wenyewe unapofaa: mawe ya juu yanayakalia ya chini kwa nguvu, na mvuto huo hauna budi kwanza kuushinda uzito huo ndipo kiungo kifunguke. Kwa hiyo ukuta mnene chini, wenye kitako kipana, ni kinga, mradi uzito usirundikwe kileleni.

Kutubiyya umejengwa hivyo. Ni mraba wenye upande wa karibu mita 13, na kiwiliwili chake ni kirefu mara tano hivi ya upande huo. Uzuri wake mkubwa hauonekani kutoka nje. Ndani yake mna kama mnara wa pili, wenye vyumba sita vilivyopandana, kila kimoja kikiwa na dari ya kuba. Baina ya kuta za ndani na za nje unapanda mteremko usio na vidato, unaozunguka hadi juu. Mwadhini alipandia humo, lakini njia hiyo hufanya na kazi nyingine: inazishika kuta mbili pamoja toka chini hadi juu, ili upande mmoja usiende peke yake ukaacha mwingine nyuma. Jengo linaloyumba kwa umoja huokoka mara nyingi mahali ambapo jengo ambalo kila ukuta wake unakwenda njia yake hupasuka.

Hata hivyo nguvu za mnara hazitoshi kueleza kila kitu. Mtoto akiwa kwenye bembea, anayemsukuma akipatanisha msukumo na mwendo wa bembea, mtoto hupaa juu ijapokuwa msukumo ni mdogo. Asipopatanisha, bembea husita. Kila jengo lina mwendo wake wa kuyumba. Nyumba fupi huenda na kurudi kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mnara mrefu huenda taratibu. Qutb Minar wa Delhi, wenye mita 72 na nusu, huchukua sekunde moja na kitu kwenda na kurudi. Zilzala ya karibu huwa na mishtuko mingi ya haraka, ambayo huumiza zaidi majengo mafupi na magumu. Mishtuko hiyo hufifia njiani, na kinachofika mbali ni mawimbi ya polepole, ambayo ndiyo adui wa majengo marefu, hasa palipo na udongo laini. Ndiyo maana mara nyingine nyumba hulala chini na mnara uliozungukwa nazo ukasalia. Na tusisahau kwamba msikiti wa Tinmel, uliojengwa na Muwahhidun hao hao huko milimani, karibu zaidi na chanzo, sehemu yake kubwa iliporomoka usiku ule ule.

Tumeutaja Qutb Minar, na kisa chake kina funzo. Ulianzishwa mwishoni mwa karne ya 12 kwa amri ya Qutbuddin Aybak, na Iltutmish akauendeleza. Chini una upana wa mita 14 na zaidi. Kileleni haufiki mita 3. Mwaka 1803 zilzala ilikiangusha kikuba cha juu kabisa, na kiwiliwili kikabaki. Kilele cha mnara hurushwa zaidi kuliko mwili wake, kama ncha ya mjeledi. Mhandisi Mwingereza, Robert Smith, akaweka kikuba kipya cha mtindo wake mwaka 1828. Watu hawakukipenda, na mwaka 1848 kikateremshwa. Mpaka leo kiko kwenye majani ya bustani, chini ya mnara, na naona kinafaa pale zaidi.

Minara ya Istanbul ni ya namna nyingine. Ni myembamba kama kalamu, na mji wenyewe uko karibu na ufa mkubwa wa ardhi. Mwaka 1509 zilzala iliangusha minara mingi hata watu wakaiita Kiyama Kidogo. Mafundi wa Kituruki waliyafunga mawe kwa vibanio vya chuma: walichimba tundu katika kila jiwe, wakaingiza ncha ya kibanio, kisha wakamimina risasi iliyoyeyushwa. Chuma kilizuia mawe yasiachane, na risasi, kwa kuwa ni laini, ilijaza tundu lote, ikakikinga chuma na kutu na kukipa nafasi ndogo ya kucheza bila kulipasua jiwe. Ngazi za mzunguko nazo, kila kidato kimeshika nguzo ya katikati na ukuta wa nje, huufunga mnara kwa ndani.

Pamoja na hayo minara hiyo ina mahali pa udhaifu. Baada ya zilzala ya tarehe 17 Agosti 1999 huko Izmit, na ile ya Düzce mwezi Novemba mwaka huo, wahandisi walikagua minara iliyovunjika, ya mawe na ya zege. Walikuta mingi imekatika mahali pamoja: juu kidogo ya shingo, pale kitako kipana kinapogeuka kuwa mwili mwembamba wa duara. Ugumu ukibadilika ghafla, nguvu yote hukusanyika pale.

Yafaa tuseme pia kwamba tunayoyaona leo ni mabaki. Minara iliyojengwa vibaya ilikwisha anguka, nasi twaisifu iliyobaki tukidhani wazee hawakukosea. Ibn Battuta, yule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, aliuona mnara mkuu wa taa wa Iskandaria mwaka 1326 ukiwa umebomoka upande mmoja. Aliporudi mwaka 1349 aliukuta umekuwa gofu, hata mlango haukufikika. Hata mnara wa ajabu huchoshwa na zilzala moja baada ya nyingine, iwapo nyufa hazizibwi.

Na kuziba nako kuna elimu yake. Chokaa ya kale ni laini kuliko jiwe. Jengo likijongea, chokaa hukubali kidogo, kama mtepe wa pwani yetu ulivyoshonwa kwa kamba za nazi ukajongea na wimbi. Ufa mwembamba wa chokaa huweza hata kujiziba, maji yanapoyeyusha chokaa na kuiweka tena ndani ya ufa. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu vizuri. Mimi mwenyewe niliwahi kuwamo katika kamati ya msikiti mmoja wa kale iliyokubali kuupaka ukuta wa mawe ya matumbawe kwa saruji, ili upendeze kwa Idi. Ulipendeza. Masika mawili baadaye ngozi ile ilibanduka vipande vipande, na nyuma yake mawe yalikuwa mabichi kwa maji na chokaa imekuwa unga. Ukuta wa hali ile mtikisiko mdogo unautosha.

Wala tusiseme kwamba hayo ni ya Moroko na Uturuki. Tarehe 10 Septemba 2016 zilzala ya kipimo cha 5.9 iliangusha nyumba na kuua watu Bukoba, nchini Tanzania. Basi kamati ya msikiti wenye mnara na iutazame: shingo yake, viungo vya mawe, mahali maji yanapoingilia, na vyuma vizito vya vipaza sauti vilivyopigiliwa kileleni. Palipo na ufa, fundi abandike kipande chembamba cha kioo juu yake kwa plasta, ncha moja kila upande, na aandike tarehe kando yake. Kioo kikikutwa kimevunjika, ufa unatembea, na hapo aitwe mhandisi kabla ya kuitwa mpaka rangi.