Binti wa Ukoo Naye ni Raia

Yanapozungumzwa mapambano ya kudai usawa wa raia, fikra za wengi wetu huvuka bahari na kutua Marekani, na sababu ya kufanya hivyo ipo. Watu weusi wa nchi ile waliahidiwa usawa mbele ya sheria katika Katiba yao mwaka 1868, baada ya vita vilivyoukomesha utumwa. Hata hivyo, mwaka 1896 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilihalalisha kuwatenga, kwa hoja kwamba mtu anaweza kutengwa na bado akahesabiwa kuwa sawa. Ikapita miaka 58 mingine ndipo mahakama ile ile, mwaka 1954, ilipotamka kwamba kuwatenga watoto weusi katika shule za serikali ni kinyume cha Katiba. Na hata hukumu hiyo isingepatikana kama wazazi wa watoto hao wasingekubali kusimama mahakamani kwa majina yao wenyewe.

Tunayakumbusha hayo kwa sababu ya somo moja lililomo ndani yake, nalo ni kwamba haki iliyoandikwa kwenye karatasi haina miguu. Haiwezi kutembea peke yake mpaka kwenye mlango wa mnyonge. Lazima awepo mtu wa kuibeba. Somo hilo hatuna haja ya kulifuata ng'ambo. Limo humu humu mkoani Kagera, katika Wilaya ya Muleba, na mwalimu wake alikuwa bibi mmoja mzee wa Kihaya.

Kabla ya kumtaja bibi huyo, hatuna budi kukumbuka tulikotoka. Wazee wetu wanaijua vyema nyarubanja. Chini ya utaratibu huo, Mukama aliweza kumgawia ndugu yake au mtumishi wake ardhi pamoja na watu waliokuwa wakiishi juu yake. Mtu aliyeipanda migomba yake kwa mikono yake na kuwazika wazazi wake katika kibanja hicho, siku moja akajikuta ni mtwana wa kulipa kodi kwa mtwazi. Wakoloni, Wajerumani kisha Waingereza, waliukuta ukabaila huo wakaulea kwa kuwa uliwafaa. Serikali ya TANU ndiyo iliyouvunja, kwa sheria ya mwaka 1965 iliyowakomboa wapangaji wa nyarubanja, na sheria nyingine ya mwaka 1968 iliyohusu upangaji wa ardhi kwa desturi. Mnyonge wa Buhaya akawa bwana wa kibanja chake.

Hayo ni mapinduzi, na tuna haki ya kujivunia. Lakini tukiyatazama kwa insafu tutaona kwamba aliyekombolewa siku ile alikuwa mpangaji mwanamume. Binti yake alibaki pale pale. Miaka miwili tu kabla ya nyarubanja kufutwa, yaani mwaka 1963, Serikali ilitangaza maandishi ya sheria za mila, kazi iliyojengwa kwa sehemu kubwa juu ya utafiti wa Hans Cory, mtaalamu wa serikali ya kikoloni, ambaye pamoja na Hartnoll alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha sheria za mila za Wahaya mwaka 1945. Katika tangazo hilo warithi waligawanywa kwa madaraja. Mtoto wa kiume wa kwanza wa nyumba kubwa aliwekwa daraja la kwanza, ndugu zake wa kiume daraja la pili, na mabinti wote, hata aliye mkubwa kuliko kaka zake, wakawekwa daraja la tatu. Ardhi ya ukoo binti aliruhusiwa kuitumia maadamu yu hai, lakini kuiuza hakuruhusiwa maadamu ukoo una mwanamume. Mjane naye hakupewa fungu katika mali ya mumewe ikiwa marehemu ameacha jamaa wa ukoo wake. Fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto aliowazaa.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa Bibi Holaria Pastory alipojitokeza. Baba yake alikuwa amemwachia ardhi ya ukoo kwa wasia halali. Umri ulipomwelemea, naye hana mtu wa kumtunza, aliamua kuiuza ardhi hiyo. Tarehe 24 Agosti, 1988, aliiuza kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiyekuwa wa ukoo wake. Mpwa wake hakukubali. Alifungua shauri katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, akidai kwamba kwa mila za Wahaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ikakubaliana naye, ikabatilisha mauzo na kumwamuru bibi arudishe fedha.

Wengi katika hali yake wangeinamisha kichwa na kurudi nyumbani. Yeye alikata rufaa. Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikampa haki, kwa kuwa Hati ya Haki za Binadamu, iliyoingizwa katika Katiba ya nchi mwaka 1984, inakataza ubaguzi. Hapa pana jambo la kuzingatia. Hati hiyo ilianza kuwa na nguvu mahakamani mwezi Machi 1988, miezi mitano tu kabla ya bibi huyo kuuza shamba. Wino wa haki ulikuwa bado haujakauka, naye tayari ameubeba mpaka Muleba.

Mpwa naye akakata rufaa Mahakama Kuu, Mwanza. Mwezi Februari 1990, Jaji James Mwalusanya alitoa hukumu inayosomwa hata leo katika vyuo vya sheria vya Afrika na kwingineko. Alisema kwamba mila inayomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo, huku ikimruhusu mwanamume, ni ya kibaguzi na inapingana na Katiba. Alikumbusha pia kwamba Tanzania imeridhia mkataba wa kimataifa wa kufuta ubaguzi dhidi ya wanawake, nayo iliuridhia mwaka 1985. Mauzo yakathibitishwa.

Zipo sauti zilizolalamika wakati ule, na zipo zinazolalamika hata sasa, kwamba hukumu hiyo iliua ukoo. Hoja hiyo hatuidharau. Kibanja cha Mhaya si shamba tu. Humo mna makaburi ya mababu na jina la ukoo. Lakini wanaolalamika aghalabu hawakuisoma hukumu mpaka mwisho. Tangu zamani, mwanamume wa Kihaya aliyeuza kibanja bila idhini ya ukoo, jamaa zake waliweza kukikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha zake. Jaji hakuifuta njia hiyo. Alimpa mpwa yule miezi sita ailipe ile shilingi 300,000 na kuikomboa ardhi. Akishindwa, ardhi iwe ya mnunuzi moja kwa moja. Maana yake ni kwamba ukoo ulibaki na haki yake ya kukomboa, kama ilivyo kwa ardhi iliyouzwa na mwanamume. Kilichoondolewa ni ile dhuluma ya kumnyang'anya mzee wa kike chakula cha uzeeni bila kumlipa hata senti. Anayeupenda ukoo wake kweli na atoe fedha mfukoni akomboe.

Tangu hapo sheria imepiga hatua. Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, zimetamka kwamba mwanamke ana haki ya kupata, kumiliki, kutumia na kutoa ardhi sawasawa na mwanamume, na kwamba mila inayomnyima haki hiyo katika ardhi ya kijiji ni batili. Mwaka 2000 neno jinsia liliongezwa katika tafsiri ya ubaguzi ndani ya Katiba. Lakini safari haikuwa nyoofu. Wajane wawili walioondolewa na wakwe katika nyumba za waume zao waliiomba Mahakama Kuu ifute kanuni za urithi za mwaka 1963. Mwaka 2006 Mahakama ilikiri kuwa kanuni hizo ni za kibaguzi, lakini ikasita kuzifuta, kwa kuona kwamba mila za makabila haziwezi kubadilishwa kwa hukumu ya mahakama. Wajane hao walilifikisha jambo lao kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba ule, na mwaka 2015 kamati hiyo ikatamka kwamba haki zao zimevunjwa.

Tunasemaje basi sisi wa Kitendaguro? Kata yetu imo ndani ya Manispaa ya Bukoba. Mji unapanuka, na kibanja cha jana ndicho kiwanja cha leo. Ardhi inapopanda bei, hapo ndipo kumbukumbu ya mila inapokuwa kali. Tumekaa katika vikao vingi baada ya matanga, tukaona jinsi mjane anavyotumwa kuwapikia wageni wakati hesabu ya viwanja inafanyika sebuleni, na binti aliyemuuguza baba yake miaka mingi akiambiwa asubiri nje. Huo ni utwazi uliorudi kwa mlango wa nyuma. Hatukuwafukuza makabaila ili kila mwanamume awe kabaila kwa dada yake.

Kwa hiyo tunawahimiza wananchi mambo matatu. Kwanza, wazee waandike wasia wangali na akili zao timamu, na wawataje mabinti na wake zao kwa majina na mipaka. Wasia wa baba ndio uliompa Bibi Holaria nguzo ya kusimamia. Pili, wenye ndoa wajue kwamba tangu Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mume hana ruhusa ya kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mkewe. Mnunuzi asiyeuliza habari za mke anajitafutia kesi. Tatu, wajumbe wa mabaraza ya ardhi, na hasa wanawake ambao sheria imewatengea viti humo, wasiwe mapambo ya kikao. Wasome sheria na waseme.

Viongozi wa Chama na Serikali, kuanzia balozi wa nyumba kumi, wana dhamana ya kuhakikisha kwamba hakuna mjane anayefungasha virago kabla shauri lake halijasikilizwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Bibi mmoja wa Muleba, asiye na cheo wala fedha, aliibeba Katiba mabegani mwake toka Kashasha hadi Mwanza. Sisi tulio wengi, na wenye vyeo, hatuwezi kushindwa kuibeba kutoka ofisi ya kata hadi kwenye kikao cha matanga.